Ushahidi Uliofichwa Njiani



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya dhana mbaya, na hasa ile impatayo msafiri anaposimamishwa njiani na kuulizwa si kwa jambo alilolitenda, bali kwa sura aliyoumbwa nayo. Hatuandiki haya kwa kuwa tumeyasoma vitabuni tu. Yametufika sisi wenyewe. Na katika hayo yaliyotufika hatukuwa wenye kudhulumiwa. Tulikuwa mashahidi, tukauficha ushahidi wetu. Basi yatupasa tuanze kwa kukiri.

Sisi twakaa Kiabakari, katika njia kuu itokayo Sirari, mpakani mwa Kenya, ikapita Makutano panapotoka barabara ya Musoma, kisha ikaenda Bunda, Lamadi na Magu mpaka Mwanza. Njia hii haikosi wageni. Zamani hapa kwetu palikuwa na mgodi wa dhahabu, uliofungwa katika miaka ya 1960, na watu wa makabila mengi walikuja kutafuta riziki. Baadhi yao walirejea kwao, na wengine wakaoa, wakazaa na wakazikwa hapa. Kwa hiyo mtu wa Kiabakari hana udhuru wa kushangaa sura ngeni.

Asubuhi moja tulipanda gari la abiria lililotoka Musoma kwenda Mwanza. Nafasi iliyobaki ilikuwa kando ya kijana mmoja mrefu, mwembamba, mwenye pua nyembamba na nywele laini, sura ambayo watu wa kwetu wakiiona husema mara moja, "Huyu Msomali." Twaona haya kulisema hili, lakini tusipolisema hapa tutakuwa tumeficha mara ya pili: kabla ya kuketi tuliuhamisha mfuko wetu kutoka upande wake, tukauweka upande wa pili. Naye aliona.

Juu ya hayo alitusalimu vizuri. "Shikamoo, mzee wangu." Tukaitikia, na mazungumzo yakafuata. Alitueleza kwamba babu yake mzaa baba alikuja Musoma na ng'ombe wa biashara katika zama za Waingereza. Kwamba mama yake ni Mjita. Kwamba yeye mwenyewe alizaliwa Musoma na hajapata kuvuka mpaka wo wote. Siku ile alikuwa akienda Magu, ambako mama yake mdogo alikuwa amefariki usiku, na maziko yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri. Simu yake ilipolia alisema na jamaa zake kwa Kijita. Sisi tulimsikia, na gari zima lilimsikia.

Hatujafika Bunda tukasimamishwa na askari wawili. Mmoja alikagua karatasi za dereva na magurudumu ya gari, kazi ya haki kabisa na yenye kuokoa roho za watu. Wa pili akapanda ndani. Akapita safu ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, asimwulize mtu neno, mpaka akafika kwetu. Akamwelekezea kijana kidole.

"Wewe. Kitambulisho."

Kijana akatoa kitambulisho cha taifa. Askari akakigeuzageuza, akasema, "Hivi siku hizi vinanunuliwa. Shuka na mzigo wako."

"Afande, mimi ni mtu wa Musoma. Nawahi maziko."

"Utayasema huko chini."

Alipokuwa akishuka kijana yule alitutazama. Hakusema kitu, alitutazama kama mtu amtazamavyo shahidi wake. Nasi tukageuza macho, tukatazama nje dirishani. Nyuma yetu mtu mmoja akanung'unika kwamba tunacheleweshwa. Mwingine akasema, "Watu hawa huwezi kuwajua." Dereva akangoja kidogo, akapiga honi, kisha akaondoa gari. Tukamwacha kando ya njia, amesimama juani na mfuko wake miguuni.

Miezi miwili baadaye tulikutana naye mjini Musoma, uani mwa msikiti, baada ya sala ya Ijumaa. Tulidhani atatupita, lakini alitupa mkono. Tukamwuliza habari za siku ile. Akasema kwamba aliachiwa baada ya saa mbili bila ya kuambiwa kosa lake, akapata gari jingine, na alipofika Magu watu walikuwa wamekwisha toka makaburini. Sisi tukaanza kumlaumu yule askari kwa maneno makali. Kijana akatukatiza kwa adabu.

"Mzee wangu," alisema, "yule askari hakunijua. Ninyi mlinijua."

Tangu siku ile maneno hayo hayajatutoka moyoni, na makala haya ni jawabu letu kwake, ijapokuwa limechelewa.

Katika Suratul Hujuraat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa katika dhana yamo yaliyo dhambi. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 94, waumini wameamrishwa wanapokuwa safarini wahakikishe kwanza, wala wasimkanushe mtu aliyewapa salamu. Tazameni, ndugu zetu, jinsi aya hii ya pili ilivyotugusa sisi: tulikuwa safarini, na kijana yule alitupa salamu. Kisha katika Suratul Baqara, aya ya 283, tumekatazwa kuuficha ushahidi, na moyo wa mwenye kuuficha umehesabiwa kuwa wenye dhambi. Aya hiyo imekuja katika habari za deni na rehani. Ikiwa ushahidi wa fedha haufai kufichwa, itakuwaje ushahidi wa heshima ya mtu?

Hapana budi tufafanue hapa, maana watu wengi huchanganya dhana na dalili. Askari akipata habari kwamba lori la rangi fulani, lenye namba fulani, limemgonga mtoto na kukimbia, naye akalisimamisha lori lenye sifa hizo, hiyo ni dalili. Akimwona dereva anapepesuka barabarani akamsimamisha, hiyo ni dalili pia, maana ameona tendo. Lakini akisema moyoni, "Watu wenye pua za namna hii ndio wahalifu," kisha akamtafuta mwenye pua hiyo katika kila gari, hiyo ni dhana tupu iliyovaa nguo za kazi. Tena si sisi peke yetu tusemao hivyo. Kamati ya Umoja wa Mataifa ishughulikiayo kuondoa ubaguzi wa rangi ilitoa mwaka 2020 pendekezo lake la 36 juu ya jambo hili hili, ikazitaka serikali ziweke sheria na maelekezo ya kuwazuia askari wasimsimamishe wala kumpekua mtu kwa sababu ya rangi au asili yake.

Uovu huu si mpya katika Afrika ya Mashariki. Katika Kenya, Waingereza walipitisha mwaka 1915 sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kila mmoja akalazimishwa kuchukua kipande, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mzungu hakuwa na kipande. Ngozi ya mtu ilitosha kumfanya asimamishwe na aulizwe. Wakenya walipigana na jambo hilo kwa miaka mingi. Lakini mwaka 1989, miaka 26 baada ya uhuru, serikali ya wenyewe iliamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wachujwe, wakapewa kadi ya ziada ambayo raia wengine hawakutakiwa kuwa nayo. Na mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulio ya kigaidi, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa mjini Nairobi, na wengi wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili wachunguzwe.

Wala tusiinyoshee Kenya kidole kana kwamba kwetu ni peponi. Mwaka 2013, katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, iliendeshwa Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali. Kila dola ina haki ya kulinda mipaka yake. Lakini miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu waliokwisha kaa nchini miaka mingi, wenye wake na waume na watoto Watanzania.

Jambo hili latuumiza zaidi sisi watu wa Mara, kwa kuwa jawabu lake lilitoka karibu na nyumba zetu. Kutoka Kiabakari iko njia iendayo Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Bunge lilijadili sheria ya uraia. Wako wajumbe waliotaka uraia uwe wa watu weusi tu. Mwalimu, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliwapinga kwa ukali mwingi, akaeleza kwamba anayeanza kuwagawa watu kwa rangi hatajua mahali pa kukomea, na akaonya kwamba serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuufanya uraia kuwa jambo la rangi. Hakuwa Mwislamu, lakini neno la haki ni neno la haki, litoke kinywani mwa nani. Na Katiba yetu ya mwaka 1977, baada ya kuingizwa sura ya haki za binadamu mwaka 1984, yakataza katika ibara ya 13 mtu kubaguliwa kwa kabila, rangi, dini au mahali alikotoka. Na katika ibara ya 17 yampa kila raia haki ya kwenda atakako katika nchi yake. Kijana wa Musoma alikuwa na haki zote hizo mfukoni pamoja na kitambulisho chake.

Twajua jawabu la baadhi ya wasomaji wetu. Watasema: "Magaidi wapo. Wenye magendo ya silaha na ya watu wapo. Askari atawezaje kuwakamata asipoangalia nyuso?" Hili ni swali la haki, na halifai kudharauliwa, maana askari hao hao ndio watulindao usiku tukiwa tumelala.

Jawabu letu la kwanza ni lile tuliloliona kwa macho yetu. Askari yule alipita safu tatu bila ya kuuliza. Ni nani ajuaye nani alikuwa ameketi katika safu zile, na nini kilikuwa ndani ya mifuko yao? Mwovu mwenye sura ya kawaida hapendi kitu kuliko askari atazamaye sura.

Jawabu la pili lilipatikana kwa hesabu katika mji wa Ottawa, makao makuu ya Kanada, ambako wako Wasomali wengi waliohama kutoka pembe yetu hii ya Afrika. Mwaka 2005 kijana mmoja mweusi alisimamishwa na polisi akiendesha gari la fahari la mama yake. Hakutukana wala hakupigana; alipeleka mashtaka mbele ya wakuu wa haki za binadamu. Katika suluhu iliyopatikana, polisi wa mji ule walikubali kuandika, kwa muda wa miaka miwili, kila dereva waliyemsimamisha alionekana kuwa wa asili gani. Tangu mwaka 2013 hata 2015 yakaandikwa masimamisho 81,902, na wataalamu wa chuo kikuu wakayatoa mahesabu yake mwaka 2016. Ikaonekana kwamba madereva wenye sura ya Mashariki ya Kati walikuwa chini ya 4 katika kila madereva 100 wa mji, lakini katika kila masimamisho 100 walikuwa zaidi ya 12. Na weusi, ambao nao walikuwa chini ya 4 katika 100, walifikia karibu 9 katika masimamisho. Tena watu hao walikuwa wepesi kuliko wazungu kuachiwa bila ya hatua yo yote, maana yake wengi wao walisimamishwa pasipo kosa. Hiyo ndiyo faida ya kutazama nyuso: kazi nyingi, na mavuno ni chuki.

Na jawabu la tatu limo katika mafunzo ya dini. Imepokewa katika hadithi za Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alionya juu ya mtawala aendaye akitafuta shaka katika watu, kwamba huyo huwaharibu watu wake. Hakusema huwalinda. Mtu anayetuhumiwa kila siku bila ya kosa mwisho husema moyoni, "Ikiwa nahesabiwa mwovu, wema wangu una faida gani?" Na jamaa zake waliojua habari za mhalifu wa kweli hunyamaza, kwa kuwa hawamwamini tena yule wa kumpelekea.

Twapenda vijana wetu wakumbuke kisa walichokieleza wafasiri juu ya aya za 105 mpaka 112 za Suratun Nisaa. Katika mapokezi ya wengi wao, mtu mmoja wa Madina aitwaye Tuuma bin Ubayriq, aliyehesabiwa kuwa Mwislamu, aliiba deraya, yaani vazi la chuma la vita, iliyokuwa katika mfuko wa unga. Mfuko ulikuwa na tundu, unga ukamwagika njiani. Alipoona ataonekana, akaiweka deraya kwa Myahudi mmoja. Ilipotafutwa ikaonekana kwa Myahudi, na jamaa za Tuuma wakamwendea Mtume wamtetee mtu wao na lawama imwangukie yule mwingine. Sura na jina la mtuhumiwa vilitosha kwao. Ndipo zikashuka aya za kumtakasa mtu asiyekuwa wa dini yetu na kumfedhehi aliyejiita wa dini yetu. Na aya hizo zasomwa misikitini mpaka leo, wala hazitaondolewa.

Basi dawa ni nini? Sisi twaona ziko tatu, na zote ni namna za ushahidi.

Ya kwanza ni ushahidi wa sababu. Askari amsimamishapo mtu na amwambie sababu, nayo iwe ni tendo au habari, si sura. Ikiwa ni ukaguzi wa vitambulisho, basi na waulizwe wote kuanzia safu ya kwanza mpaka ya mwisho, mzee na kijana, mwenye kanzu na mwenye tai. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na hakuna atakayeona ameteuliwa. Katika Marekani mji wa Philadelphia ulipitisha mwaka 2021 sheria ya kuwazuia polisi wasisimamishe gari kwa makosa manane madogo madogo peke yake, mathalani taa moja iliyozimika, kwa kuwa ilionekana makosa hayo yalikuwa mlango wa kuwapekua madereva weusi. Kwa njia hii mlango wa dhana hufungwa tangu nje, hata askari mwenye dhana moyoni asipate pa kuitumia.

Ya pili ni ushahidi wa maandishi. Kisichoandikwa hukanushwa. Watu wa Ottawa walilalamika miaka mingi wakaambiwa ni maneno tu. Hesabu ilipotoka, maneno yakawa na miguu. Nasi tuandike: tarehe, saa, mahali, namba ya gari, namba ya askari ikiwa yaonekana kifuani mwake, na maneno yaliyosemwa. Kisha malalamiko yapelekwe kwa adabu kwa wakuu wa polisi wa wilaya au mkoa. Na ikiwa hakuna jawabu, iko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001, ambayo kazi yake ni kuyasikiliza mambo kama haya.

Ya tatu ni ushahidi wa wenzake msafiri, na hii ndiyo iliyotushinda sisi. Hapa yatupasa tuwasimulieni habari mbili za njia ya Mandera, kaskazini mwa Kenya. Tarehe 22 Novemba 2014, magaidi walilisimamisha gari la abiria karibu na Mandera, wakawatenga wasiokuwa Waislamu, wakawaua watu 28. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, magaidi walisimamisha gari jingine, wakawaamuru Waislamu wajitenge. Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamekwisha wapa wenzao Wakristo mitandio yao wajifunike, na abiria wakawaambia wenye bunduki kwamba ama wawaue wote ama wawaache wote. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki mwezi wa Januari 2016. Lakini wale magaidi hawakupata kuwachagua watu kama walivyochagua mwaka uliotangulia.

Hatumlinganishi askari wa serikali na muuaji. Mungu atuepushe na dhuluma hiyo. Tunalolitazama ni abiria. Wale walikuwa mbele ya bunduki, na ndugu zao wenyewe Wasomali walikuwa wamekwisha teswa kwa sura zao katika nchi ile ile. Hata hivyo walikataa mtu wa dini nyingine achaguliwe kutoka miongoni mwao. Sisi tulikuwa mbele ya askari mmoja asiyetutisha kwa lo lote, na lililotakiwa kwetu ni maneno machache: "Afande, huyu twamjua. Ni mtu wa Musoma, ana msiba." Tukayameza.

Wahenga wamesema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ni methali ya busara, lakini yafundisha kungoja zamu. Mwislamu ameamrishwa zaidi ya hayo, amshike mkono mwenye wembe asimnyoe asiyestahili. Na ile methali ya samaki mmoja akioza, hiyo ni ya samaki. Binadamu hawaozeshani kwa pua wala kwa nywele. Kila nafsi itachukua mzigo wake.

Enyi wazazi, dhana ya barabarani huzaliwa nyumbani. Yule askari alikuwa mtoto wa mtu. Alisikia mezani kwao majina ya dharau ya makabila, kama watoto wetu wanavyoyasikia mezani kwetu: wale wezi wa ng'ombe, wale wachawi, wale si watu wa hapa. Sahaba mtukufu Abu Dharr alipata kumwaibisha mtu kwa rangi ya mama yake, na Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba bado imo ndani yake tabia ya ujahili. Ikiwa sahaba aliambiwa hivyo, sisi tulioyahamisha mifuko yetu ni nani hata tusiambiwe?

Na ninyi vijana ambao sura zenu huwafanya msimamishwe, twawasihi: chukueni vitambulisho vyenu, jibuni kwa heshima, msikimbie, msitukane, ulizeni sababu kwa upole, wala msitoe fedha ili mwachiwe, maana rushwa humfundisha askari kwamba sura yenu ni shamba lake.

Twamalizia kwa habari moja ndogo. Mwezi uliopita, katika njia ile ile, aliteremshwa mbele yetu mwanamume mmoja tusiyemjua, mwenye sura ya Kihabeshi. Hatukuweza kumshuhudia, maana hatukumjua. Lakini tulisimama, tukamwambia dereva, "Gari lisubiri." Watu wawili watatu wakanung'unika; mama mmoja Mkurya akasema, "Mzee amesema kweli, tusubiri." Tukashuka, tukamwuliza askari kwa adabu kama twaweza kujua sababu. Akatueleza bila ya hasira: mtu yule hakuwa na karatasi yo yote ya kuingilia nchini, naye mwenyewe amekiri. Tukahakikisha amepewa mzigo wake na maji ya kunywa, tukampa mkono, tukaondoka naye akabaki. Tulichelewa dakika kumi na moja.

Hatukumwokoa mtu siku ile, wala hakuwa wa kuokolewa na sheria. Lakini aliulizwa mbele ya watu, akaambiwa sababu mbele ya watu, na hakuachwa peke yake juani kama mzigo uliodondoka. Hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka kwetu yule kijana wa Musoma: dakika kumi na moja. Tulikuwa nazo, tukamnyima, na mama yake mdogo akazikwa bila yeye.

Ee Mola wetu, tusamehe ushahidi tuliouficha, na utupe ndimi za kusema kweli kabla gari halijaondoka. Amin.